Kutoka RTX 3070 kwenda kadi ya picha ya GB 16: 5070 Ti, 9070 XT au 5080?

Tabata_1440p
Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri kabla sijatoa hela. Mashine ni Ryzen 5 3600 kwenye bodi ya B450, RAM GB 16 za DDR4-3200, RTX 3070 ya GB 8, pawasaplai ya wati 650 ya zamani kidogo (haina tundu jipya la pini 16), monita ya 1440p yenye Hz 165. Nacheza zaidi Cyberpunk 2077 na Warzone. Cyberpunk nikiwasha ray tracing (mwanga na vivuli vinavyokokotolewa kama vya kweli) picha inakwamakwama. Warzone inabaki fremu 90 hadi 110 hata nikishusha mipangilio yote. Nataka kadi ya kukaa nayo miaka minne au mitano, na nipo kati ya RTX 5070 Ti, RX 9070 XT na RTX 5080. Je, PCIe 3.0 ya B450 (njia ya data kati ya bodi na kadi) itaibana kadi mpya? Pawasaplai niiache? Nipo Dar, chumba hakina AC.

PimaKwanza
Mkuu, hapo una shida mbili, na kadi mpya inatibu moja tu.

Warzone ukishusha mipangilio na fremu hazipandi, anayekuzuia ni prosesa. Hakikisha hivi: washa programu ya MSI Afterburner ikuonyeshe matumizi ya GPU (chipu ya kadi ya picha) ukiwa ndani ya gemu, ondoa kikomo chochote cha fremu, kisha cheza mechi moja kwa 1440p na nyingine kwa 1080p. Kama GPU inazunguka kwenye asilimia 60 au 70 na fremu ni zilezile kwenye vipimo vyote viwili, hata RTX 5090 haitakusaidia.

Cyberpunk ni habari nyingine. Ray tracing inajaza zile GB 8, ziada inahamia kwenye RAM ya kawaida, na kila ikihitajika inabidi ipite kwenye PCIe. Ndiyo maana fremu za wastani zinaonekana nzuri lakini picha inagonga kila ukigeuka barabarani. Hapo kadi ya GB 16 inatibu kabisa.

Kwa hiyo tenga sehemu ya bajeti kwa prosesa. Ryzen 5 3600 ina kashe ya L3 (memori ya haraka iliyo ndani ya prosesa) ya MB 32 iliyogawanywa vipande viwili vya 16. Ryzen 7 5700X3D ina MB 96 za pamoja kwa kori zake nane, na inaingia kwenye bodi yako hiyohiyo. Ikikosekana tafuta 5800X3D iliyotumika. Sasisha BIOS (programu ya bodi inayowasha mashine) kabla ya kutoa 3600: ukifunga prosesa mpya juu ya BIOS ya zamani skrini itabaki nyeusi, na B450 nyingi hazina kitufe cha kusasisha bila prosesa. Kama Windows yako imefungwa kwa BitLocker (usimbaji wa diski), nakili ufunguo wa kurejesha kwanza, maana ukibadilisha prosesa au BIOS itaudai.

Mzigo16GB
Naongezea kwenye uchaguzi wa kadi. 5080 na 5070 Ti zinatoka kwenye chipu moja, GB203, zote zina GB 16 za GDDR7. Bei elekezi zilipotoka mwaka 2025 zilikuwa dola 999 na dola 749. Unaongeza theluthi ya bei ili upate fremu kama asilimia 15 zaidi, na memori ni ileile. Kwa 1440p mimi ningeiacha 5080 bila kujiuliza mara mbili.

Kati ya 5070 Ti ya Nvidia na 9070 XT ya AMD (bei elekezi ilipotoka dola 599) ni suala la unachocheza. Gemu za kawaida zinakwenda bega kwa bega. Cyberpunk yenye path tracing (ray tracing nzito kuliko zote), Nvidia inaongoza kwa mbali. FSR 4 ya AMD (inakuza picha ndogo ili fremu ziongezeke) ni nzuri kweli, tofauti kabisa na FSR za nyuma, ila DLSS, ya Nvidia ya kazi hiyohiyo, iko kwenye gemu nyingi zaidi. Kama Warzone ndiyo inakula muda wako mwingi, chukua 9070 XT na tofauti ya bei ipeleke kwenye prosesa ya X3D.

Kuhusu PCIe 3.0: kadi hizi tatu zote zina njia 16, kwa hiyo utapoteza asilimia chache tu. Wanaoumia ni wa kadi za njia nane zenye GB 8, kama RTX 5060 Ti ya GB 8, kwa sababu memori ikijaa njia ya kupitishia nayo ni nusu.

WatiNaVolti
Nizungumzie umeme, kwa sababu hapa ndipo vitu vinaungua.

5070 Ti inakula wati 300, 9070 XT wati 304, 5080 wati 360. Nvidia na AMD wanapendekeza pawasaplai ya wati 750 kwa hizo mbili za kwanza, na 5080 inataka 850. Jumla ya mashine yako itakuwa kama wati 450, kwa hiyo kwa hesabu ya wastani 650 inatosha. Tatizo ni miruko: kadi inaweza kuvuta zaidi sana ya kiwango chake kwa sehemu ndogo ya milisekunde, na pawasaplai ya zamani inadhani kuna shoti, inajizima. Dalili yake ni mashine kuzimika ghafla katikati ya gemu nzito, bila skrini ya bluu wala ujumbe. Pawasaplai za viwango vipya vya ATX 3.0 na 3.1 zimetengenezwa kuvumilia miruko hiyo. Nunua ya wati 850 ya ATX 3.1 na hutaigusa tena.

9070 XT nyingi zinatumia viunganishi viwili au vitatu vya pini 8. Kila kimoja ni wati 150, na kila kimoja kipe waya wake kutoka pawasaplai, usitumie ule mkia wa pili unaoning'inia. 5070 Ti na 5080 zinatumia 12V-2x6 ya pini 16. Umeme mzima unapita kwenye pini sita za volti 12, na kadi yenyewe haina namna ya kuugawa sawasawa. Pini moja ikikaa vibaya, nyingine zinabeba mzigo wake. Februari 2025 Roman Hartung, mpimaji wa vifaa vya kompyuta wa Ujerumani anayejulikana kama der8auer, alipima zaidi ya ampea 20 kwenye waya mmoja wa RTX 5090, wakati pini inakadiriwa kwa ampea 9.5. Kadi ya wati 300 ina nafasi kubwa zaidi ya usalama, ila utaratibu ni uleule: sukuma kiunganishi mpaka pasionekane upenyo hata kidogo, usikunje waya ndani ya milimita 35 kutoka mdomoni, na kioo cha kasha kisiubonyeze.

Jambo la mwisho, na naomba ulishike: ukibadilisha pawasaplai, toa waya zote za zamani. Upande wa pawasaplai mpangilio wa pini hutofautiana kwa kila kampuni, wakati mwingine hata ndani ya kampuni moja. Waya unaingia vizuri tu, kisha unapeleka volti 12 mahali pa volti 5 na diski zako zinakufa palepale.

Tabata_1440p
Asanteni sana wakuu. Naelekea 9070 XT na 5700X3D, na pawasaplai nabadilisha. Maswali mawili: nikitoka Nvidia kwenda AMD draiva nafanyaje? Na nina UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) ya VA 650, itabeba?

PimaKwanza
Pakua draiva ya AMD na DDU (programu ya kufuta draiva ya zamani) mapema, kisha kata intaneti, la sivyo Windows itajifungia draiva yake ukiwa katikati ya kazi. Ingia Safe Mode, endesha DDU, chagua kusafisha na kuzima. Badilisha kadi, washa, funga draiva, ndipo urudishe intaneti.

Halafu ingia BIOS uwashe Above 4G Decoding na Resizable BAR (zinairuhusu prosesa kuifikia memori yote ya kadi kwa mkupuo), na uzime CSM (namna ya zamani ya kuwasha mashine). AMD inapoteza fremu nyingi bila Resizable BAR, usiiruke. Ila angalia kwanza kwenye Disk Management kama diski ya Windows ni GPT (mpangilio mpya wa diski; wa zamani ni MBR). Ikiwa ni MBR, ukizima CSM mashine haitawaka. Ibadilishe kwanza kwa amri `mbr2gpt /convert /allowFullOS`, baada ya kuhifadhi nakala ya mafaili yako.

WatiNaVolti
UPS ya VA 650 kwa kawaida inatoa wati 360 hadi 390 tu. Umeme ukikatika ukiwa kwenye gemu, itazidiwa na kuzima kila kitu. Tafuta ya VA 1500 yenye wati 900, na iwe ya wimbi safi la sine, kwa kuwa baadhi ya pawasaplai za kisasa zinajizima zikipewa wimbi la mraba.

Mzigo16GB
Kwa joto la Dar: wapimaji wengi wanapima kwenye vyumba vya nyuzi 21 au 22. Chumba chako kikiwa 32, ongeza nyuzi 10 kwenye kila namba unayoiona kwenye video zao. Chukua toleo la feni tatu, pima kasha kabla ya kununua (nyingi zina urefu wa milimita 300 hadi 340 na zinakula nafasi tatu), na weka feni mbili za kuingiza hewa mbele zenye chujio la vumbi. Kisha kwenye Adrenalin (programu ya draiva ya AMD) shusha kikomo cha umeme kwa asilimia 10 na volti kwa mV 50. Cheza gemu nzito saa nzima. Gemu ikianguka, rudisha hadi mV 30 ujaribu tena. Kila chipu ina kiwango chake. Fremu utakazopoteza ni chache mno, na feni zitatulia.