Naomba ushauri: mdogo wangu kaacha shule, nimchukulie bodaboda au nimpeleke Dar?

Dada wa Newala
Habari zenu wakuu. Humu nimekuwa msomaji wa kimyakimya, leo shida imenisukuma kuandika. Niko Newala mjini. Nina mdogo wangu wa kiume, miaka 16, aliacha shule mwaka jana akiwa kidato cha pili. Hakufukuzwa. Aliamka siku moja akasema haendi tena, sare akampa mtoto wa jirani. Sasa anashinda maskani karibu na stendi. Kipindi hiki cha kupulizia mikorosho anapata vibarua, jioni anarudi nguo zimegeuka njano kwa salfa, lakini hela hatuioni. Akipigiwa simu hapokei ndani, anatoka mpaka kwenye mwembe.

Nina mawazo mawili: nimchukulie bodaboda ya mkataba, au nimpeleke kwa mjomba Mbagala akauze duka. Ijumaa nataka niwe nimeshaamua. Lipi bora?

Chuma cha Masasi
Bodaboda, bila kufikiria mara mbili. Mimi nilianza na umri huohuo, nikipiga Masasi hadi Ndanda usiku na mchana. Nimejenga vyumba viwili na nimeoa. Mguu wa kulia una vyuma tangu niingie chini ya fuso la korosho, jina langu humu si la bure. Ila kazi inalipa.

Ustadh Mikindani
Tatizo tumelileta wenyewe. Jandoni tunawapeleka wadogo mno, wanarudi wameambiwa wameshakuwa wanaume. Kesho yake mwalimu akimkemea, anaona amedharauliwa. Zamani kungwi alimfuatilia kijana hata baada ya kutoka porini, siku hizi ni ngoma na pilau, basi. Dada, mrudishe kwanza kwa wazee wake wa jando.

Fundi Chuno
Miaka 16 hana leseni, akigonga mtu kesi ni yako. Halafu mbona Ijumaa? Kuna nini Ijumaa? Na huyo anayempigia ni nani?

Dada wa Newala
Ijumaa ni siku tu niliyojiwekea, kaka. Naomba tujibu swali, bodaboda au Dar. Kuna mtu ameniambia Dar vijana wanaharibika zaidi.

Mwalimu wa Lindi
Dada yangu, nimefundisha sekondari miaka 14. Mtoto haachi shule siku moja. Anaanza kukosa Ijumaa, kisha na Jumatatu, kisha anakuja bila daftari, kisha anakaa nyuma karibu na mlango. Mpaka anagawa sare, ameshaondoka miezi mingi. Na mtoto anayepata hela isiyoonekana na kupokea simu mbali na watu, ana mtu. Tuambie huyo mtu ni nani, vinginevyo tutakushauri gizani.

Dada wa Newala
Sawa. Kuna mtu wanamwita bosi. Sijawahi kumwona. Anawaambia vijana kuna kazi ya kuchimba rubi ng'ambo, Msumbiji, upande wa Montepuez. Gari linawachukua Ijumaa alfajiri, mto wanavuka kwa mtumbwi. Wenzake wawili walishaenda, mmoja ametuma picha amevaa saa kubwa.

Na huyo bosi alituma laki mbili kwenye simu yangu, "za kuachia nyumbani". Mwanzoni nilijua ni vibarua vya dogo. Nilipojua ukweli nilikuwa nimeshawalipa waliofyeka shamba na kukodi mashine ya kupulizia. Msinihukumu. Mikorosho isipopuliziwa sasa hivi, mnadani nitapeleka nini? Ndiyo maana nawaza bodaboda, nimzuie kwa kitu anachokipenda. Nimejaribu kuongea naye. Tangu nilipomnyonyesha sijawahi kumwona na hasira ya namna hii.

Mwana Kitaya
Dada, mimi ni wa Kitaya, kando ya Ruvuma. Oktoba 2020 wale wapiganaji wa Msumbiji walivuka mto wakaingia kijijini kwetu. Waliua, wakachoma nyumba. Hadi leo mama yangu akisikia pikipiki usiku anazima taa. Vita vile vilianzia Mocímboa da Praia Oktoba 2017, na Machi 2021 wakaingia Palma. Yote hayo ni jimbo la Cabo Delgado, na Montepuez unayosema iko huko huko. Sisemi huyo bosi ni wao. Nasema hata yeye mwenyewe dogo hawezi kujua mpaka ameshavuka.

Fundi Chuno
Na habari ya rubi tunaijua. Zilipogunduliwa Montepuez mwaka 2009 vijana wa kusini walivuka kama siafu. Mwanzoni mwa 2017 wakafukuzwa, kuna waliorudi hawana hata viatu. Tajiri gani anamlipa laki mbili mtoto ambaye hajashika sululu? Hiyo ni hela ya kufunga mdomo wa nyumbani.

Kachero wa Kibodi
Wakuu, hii chai. Akaunti imefunguliwa leo. Ijumaa mara ni siku tu, mara gari linakuja. Na mmesoma vizuri? "Tangu nilipomnyonyesha." Dada ananyonyesha mdogo wake? Huyu ni mtu wa mradi anatafuta hadithi ya kuombea ufadhili.

Chuma cha Masasi
Eh! Kweli kaandika hivyo. Mimi nilishaanza kumtafutia pikipiki ya mkataba.

Ustadh Mikindani
Kama ni uongo, muogope Mungu. Watu wamefukua misiba yao kwa ajili yako.

Dada wa Newala
Si uongo. Ni mwanangu.

Nilimzaa nina miaka 15, nikiwa kidato cha pili kama yeye. Enzi zile ukipata mimba shule umemaliza, ruhusa ya kurudi imekuja 2021, mimi nimeshazeeka kimaisha. Mama akasema tutamlea kama mdogo wako, nawe utaolewa. Amekua akiniita dada. Mwaka jana walitaniana maskani, mmoja akamwambia. Alikuja akaniuliza mbele ya mama, mama akakana, na mimi nikanyamaza. Wiki ileile aligawa sare.

Nimeandika "mdogo wangu" kwa sababu ndivyo ninavyoandika siku zote.

Mwana Kitaya
Kachero, umeridhika?

Kachero wa Kibodi
Nimekosea. Samahani dada.

Fundi Chuno
Ngoja niseme langu. Mei 2013, siku bajeti ya nishati inasomwa bungeni, Mtwara ilipowaka kwa ajili ya bomba la kupeleka gesi Dar, nilikuwa na miaka 17. Nilirusha mawe. Hoja ya gesi kuna watu waliijua vizuri, mimi sikuijua. Baba alikuwa amehama na mke mwingine, na pale barabarani kwa mara ya kwanza kuna watu walikuwa wananiita kwa jina. Aliyenitoa hakuwa askari wala mhubiri. Ni mzee mmoja wa gereji aliyeniambia njoo kesho saa moja unishikie spana, na nilipochelewa akanifuata nyumbani. Huyo bosi amemwona mwanao kabla yetu, hilo tu ndilo alilotuzidi.

Mwalimu wa Lindi
Hapo ndipo panaponiuma. Mtoto akishavuka mto, kila ofisi ina la kusema. Kabla hajavuka, nani anamshika? Kuna asilimia 10 za mapato ya halmashauri zinazokopeshwa, nne kati ya hizo ni za vijana, lakini mkopo unaanzia miaka 18 na lazima kikundi. Wa miaka 14 hadi 17 aliyeacha shule hayumo daftari la mwalimu wala la mikopo. Tungekuwa na mtu mmoja kila kata anayechukua orodha ya watoro kila mwisho wa mwezi na kwenda nyumba kwa nyumba, nusu ya nyuzi za namna hii zisingeandikwa.

Kwa leo dada: piga 116, ni bure, ni ya watoto, na kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 aliye chini ya 18 bado ni mtoto. Nenda polisi dawati la jinsia na watoto, na umwone afisa ustawi wa jamii. Shule inaweza kusubiri, elimu ya watu wazima ina njia ya kumaliza sekondari nje ya mfumo, na vyuo vya ufundi vya VETA vipo Mtwara na Lindi. Bodaboda isahau. Na muongee, wewe na yeye, bila mama.

Dada wa Newala
Nikienda polisi watauliza hela. Nimeshaila.

Fundi Chuno
Sema umeila. Aliyekula akasema hafanani na aliyeuza. Na mlete huku Chuno, Mtwara mjini, karakana ipo, nitamshikisha spana.

Kachero wa Kibodi
Dada, muamala ule na meseji zake bado vipo? Namba ni ya wapi?

Dada wa Newala
Vipo. Namba ni ya huku huku kwetu, si ya ng'ambo. Jina lililotokea kwenye muamala nalijua, ni mtu tunayesalimiana sokoni.

Mwalimu wa Lindi
Usifute chochote. Usimpigie. Usilitaje hapa. Nenda nalo dawati sasa hivi.

Dada wa Newala
Nimeinakili namba kwenye karatasi. Amerudi, yuko kwenye mwembe, simu sikioni. Natoka nje.