Tupeane uzoefu: safari ya kwanza China, siku 9 tu, uligawaje muda?

Habari za jioni wapendwa. Mwezi wa kumi naenda China kwa mara ya kwanza, kutafuta vyombo vya jikoni na mapazia ya duka langu. Nimepanga Guangzhou, Yiwu (ule mji wa soko la jumla) na Beijing. Shemeji yangu kaiona ratiba, anasema siku zote zitaishia kwenye treni. Mliokwenda, mlipangaje?

Baba Sufuria
Msikilize shemeji. Mwaka 2018 nilipanga hivyo hivyo. Guangzhou hadi Beijing ni zaidi ya kilomita 2,000, na treni ya mwendo kasi inakula kama saa nane. Kwenda na kurudi, siku mbili zimekatika hujauliza bei hata ya kijiko. Ukuta Mkuu niliuona na nilifurahi, lakini nilirudi na sampuli mbili tu. Yiwu nayo si jirani na Guangzhou. Safari ya kwanza kaa mji mmoja.

Mama Pazia
Mdogo wangu, vitambaa na mapazia yapo hapo hapo Guangzhou, soko la Zhongda. Kilichonitesa mimi ni simu. WhatsApp na Google kule zimezuiwa, na mume wangu alikaa siku mbili hajui kama nimefika. Safari ya pili niliwasha roming ya laini ya nyumbani, zikafanya kazi. Alipay, app yao ya malipo, iweke na uunganishe kadi ya benki ukiwa bado nyumbani, maana madukani watu wanalipa kwa kuskani. Anwani ya hoteli uwe nayo kwa maandishi ya Kichina, umwonyeshe dereva wa teksi.

Kaka wa Kontena
Tarehe je? Kuanzia 1 Oktoba ni sikukuu yao ya taifa, wiki nzima. Mimi nilitua tarehe 2, viwanda vimefungwa. Kwa vyombo, lenga Maonesho ya Canton, yale makubwa ya biashara hapo Guangzhou, awamu ya pili, 23 hadi 27 Oktoba, ila hoteli shika mapema, bei hupanda sana.

Mwenye mada
Asanteni mno. Beijing na Yiwu nimezifuta, nitafika Guangzhou tarehe 21. Mama Pazia, wateja wangu wanataka rangi moja maalumu. Picha inatosha?

Mama Pazia
Hapana, beba kipande chenyewe. Rangi ya kwenye simu ilishanipa hasara ya marobota mawili.