Kikundi cha Majirani: Watoto wa Bondeni

Baba Juma: Habari za jioni majirani. Kuhusu wale watoto wa bondeni, naona tukodi basi tuwapeleke mbugani siku moja. Fulana za sare, picha, mambo yawe mazuri.

Mama Neema: Wakisharudi je? Mwaka mzima wabaki na mnyama mmoja waliyemwona kwa mbali dirishani?

Baba Juma: Sasa wewe unataka tuwapeleke wapi, mtaroni?

Mama Neema: Karibu na hapo 😂 Ule uwazi nyuma ya ukuta wa shule, penye mti mkubwa. Kila Jumamosi asubuhi.

Mwl. Rehema: Naunga mkono. Juzi nilijaribu na sita. Tukafukua chini ya majani yaliyooza, akatoka nyungunyungu. Kuna kale kamoja ka miaka saba, darasani hakafungui mdomo. Kakaniuliza, "Mwalimu, macho yake yako wapi?" Nikasema hana, mwanga anausikia kwa ngozi, na kwa ngozi hiyohiyo anapumua, ikikauka anakufa. Basi kakatema mate kiganjani, kakamlaza humo asikauke!

Bi Zuhura: 😂😂 Mate jamani!

Idi: Shikamoo Bi Zuhura. Mimi lile tangazo la kuwaalika watoto limenikwaza. "Kila mtoto aje na viatu vya kufunika." Asiye navyo ameshaelewa kwamba haitwi yeye.

Baba Juma: Niliandika mimi. Niliwaza miiba.

Idi: Miiba ipo kweli. Tukusanye viatu vya akiba, vikae kwangu. Ila wavalie ndani, si mbele ya wenzao.

Bi Zuhura: Marahaba Idi. Na hilo la "miaka minane na kuendelea" lifuteni. Jumamosi mabinti ndio wanaobeba wadogo zao. Waje nao tu, vichanga nitakaa navyo mimi kivulini.

Baba Juma: Haya. Lakini kuna wazazi watasema mtoto wa maskini anahitaji madaftari, matope anayo nyumbani.

Mwl. Rehema: Madaftari anayahitaji, nani kakataa? Ila Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa, wa 1989, kifungu cha 29, unasema elimu imjenge mtoto aheshimu mazingira ya asili. Cha 31 kinampa haki ya kucheza. Sikuona palipoandikwa "wenye magari tu".

Baba Juma: Mwalimu umenimaliza. Fulana je?

Mama Neema: Hela hiyo inunue vioo vya kukuzia. Na picha za nyuso tuache, hawa si tangazo letu. Piga picha za mikono yao na udongo wao.

Idi: Nije na jembe?

Mwl. Rehema: Jembe litakata nyungunyungu, kaka! Vijiti vinatosha. Na mkono usiingie shimoni, nyoka wapo.

Baba Juma: Idi, kuna jozi mbili za Juma zimeshambana, namba 32. Nakuletea kesho usiku.