Yule bwana wa skafu ya chungwa amemdhalilisha mjomba wangu ndani ya baa ya kale ya Amsterdam, na mimi sitanyamaza

Ndugu wanajukwaa, ninaandika nikiwa ndani ya treni ya kurudi Den Haag, vidole vinatetemeka, na mjomba wangu ameketi mbele yangu akiangalia nje dirishani kama mtu aliyetoka kuzika. Kofia yake ameiweka mapajani. Hajaivaa tena tangu tulipotoka mle ndani.

Mhusika simtaji jina, na sina haja ya kumtaja. Kila Mswahili aliyekaa Uholanzi zaidi ya siku tatu anamjua: ni yule bwana wa skafu ya rangi ya chungwa, mpokea wageni ambaye hakutumwa na mtu, ambaye hata kabla hujachukua mzigo wako pale uwanja wa ndege wa Schiphol ameshajua umekuja na nani, kwenu ni wapi, na nani alikulipia tiketi. Baa yenyewe pia siitaji, kwa sababu baa haina kosa lolote. Ni moja ya zile baa za kale za mtaa wa Jordaan, zinazoitwa baa za kahawia kwa rangi ya kuta zake, kando ya mfereji wa Prinsengracht, na waliomo ndani walituheshimu kuliko tulivyoheshimiwa na ndugu yetu wa damu na lugha.

Mjomba ni fundi seremala kutoka Machame. Ana miaka 72, ni mzee wa kanisa, na hakuja Amsterdam kunywa. Alikuja kuona mbao. Asubuhi nilikuwa nimempitisha uwanja wa Dam nikamweleza kwamba Kasri la Kifalme analoliona limesimama juu ya nguzo 13,659 za mbao zilizopigiliwa ardhini katika karne ya 17, naye akasimama kimya kitambo kirefu, kisha akaniuliza nchi isiyo na mlima ilipata wapi miti yote hiyo. Nilipomjibu kwamba walikuwa wakiileta kwa meli kutoka nchi za kaskazini, Norway ikiwemo, akasema anataka kuona nyumba ya zamani kwa ndani, aguse kazi ya mafundi wenzake. Ndiyo sababu tuliingia baa. Nilijua hakuna nyumba ya zamani mjini mle ambayo mgeni anaweza kuingia bila tiketi akakaa anavyotaka, isipokuwa baa ya kahawia.

Naye alifurahi! Alipitisha kiganja kwenye kaunta kama mtu anayempapasa ng'ombe wake wa maziwa. Akainua pembe ya zulia dogo lililotandikwa mezani, kwa kuwa huko mazulia hutandikwa juu ya meza, akachungulia miguu ya meza ilivyounganishwa. Akaniuliza ukuta ule umepakwa rangi gani. Nikamwambia haukupakwa, ni moshi wa tumbaku wa vizazi na vizazi, na ingawa uvutaji umepigwa marufuku ndani ya baa tangu mwaka 2008, wenye baa hawakubali kuusafisha. Mama anayehudumu pale, alipoona mzee anavyoitazama kazi ya mbao, alimkaribisha apite nyuma ya kaunta aone mashubaka ya chupa. Nawaambieni, kwa muda wa nusu saa nilikuwa mpwa mwenye fahari kuliko wote barani Ulaya.

Kisha mlango ukafunguliwa, ikaingia skafu kwanza, mwenyewe akafuata baadaye.

Sijui nani alimwambia tupo pale. Hakusema shikamoo. Alimpiga mzee kofi la mgongoni, akaagiza jenever bila kumuuliza mtu. Kwa wasioijua, jenever ni pombe kali yao ya asili, inayotiwa matunda ya mreteni, na katika baa za namna hii humiminwa kwenye glasi ndogo yenye umbo la ua la tulipu mpaka kinywaji kitune juu ya ukingo. Glasi iliyojazwa hivyo hainyanyuliki bila kumwagika. Kwa hiyo desturi ni kwamba mnywaji anainama, mikono nyuma, anafyonza funda la kwanza palepale kwenye kaunta, ndipo aishike. Hakuna aibu ndani yake, kila mtu huinama, awe tajiri au mchukuzi.

Mjomba hanywi pombe kali. Hata hivyo mwenyeji akikukirimu, kwetu hukatai kabla hujaonja. Na kwetu pia, mtu anayekupa mbege huionja kwanza yeye mbele ya macho yako, ndipo akukabidhi kata. Kwa hiyo mjomba alimwambia kwa upole kabisa, "Anza wewe, mwanangu." Yule bwana akajibu, "Tangulia mzee, mimi nitafuata."

Hakufuata.

Palikuwa na mzee mmoja wa Kiholanzi kwenye kiti cha pembeni, mteja wa kila siku wa pale, mtu wa miaka kama themanini, ambaye bila kuombwa aliinamia glasi yake kwanza ili kumwonyesha mjomba. Mjomba akaona, akaweka mikono nyuma, akainama. Kofia yake ya pama ikaanguka. Na hapo, ndugu zangu, wakati mzee wa miaka 72 ameinama midomo ikiwa kwenye glasi, mikono iko mgongoni na hawezi kujisaidia, yule bwana aliiokota ile kofia, akaivaa yeye kichwani juu ya skafu yake, akatoa simu, akaanza kurekodi, akapaza sauti hadi vioo vya dirisha vikatikisika: "Mzee wa kanisa anaisujudia pombe!"

Alivaa kofia ya mjomba wangu. Aliivaa, akacheka, akajigeuza ili na yeye aonekane kwenye video. Tramu yetu ilikuwa haijafika hata kituo cha pili, video ikawa imeshafika Machame, imepanda Kilimanjaro, imeteremkia Rombo na kuvuka mpaka wa Kenya.

Aliyeivua ile kofia kichwani mwake ni yule mzee wa Kiholanzi. Hajui neno moja la Kiswahili, lakini aliinuka kwenye kiti chake, akaichukua, akaifuta vumbi kwa mkono wa koti, akamrudishia mjomba kwa mikono miwili. Mimi mpwa nilikuwa nimeganda, na hilo sitajisamehe.

Tangu tulipopanda treni mjomba amesema jambo moja tu. Ameniuliza, "Mpwa wangu, mchungaji wetu naye ana simu ya aina hiyo?"

Nawasilisha.

Binti wa Zaandam: Pole sana, na umpe mzee shikamoo yangu. Huyo bwana namjua, nani asiyemjua. Mama yangu alipokuja mwaka juzi alitupeleka kwenye baa kama hiyo, akaagiza bitterballen, vile vitonge vya mchuzi mzito wa nyama vilivyokaangwa, halafu hakumwonya mama kwamba ndani vina moto kuliko volkano. Mama aliungua ulimi, yeye akala vilivyobaki vyote pamoja na haradali, kisha akakumbuka kwamba amesahau pochi nyumbani.

Msema Kweli wa Arnhem: Mleta uzi, naomba nikuulize bila hasira. Ni nani aliyempeleka mzee wa kanisa baa? Skafu ndiyo iliyomtoa Machame? Ungempeleka makumbusho, kofia ingekuwa kichwani mpaka sasa.

Mleta uzi: Ndugu wa Arnhem, nimeeleza kwamba alitaka kuona mbao katika nyumba ambayo watu bado wanaishi ndani yake, wanaegemea na kuchubua kaunta, wala si mbao zilizozungushiwa kamba. Tena hoja yangu haihusu baa. Hata kuinama hakuna tatizo, kwa sababu yule Mholanzi aliinama, nami ningeinama. Tatizo ni mtu aliyesimama wima, akavaa kofia ya mwenzake aliyeinama.

Fundi Baiskeli: Kofia ni jambo dogo kuliko ninaloliona mimi kila Ijumaa katika baa hizo za kando ya mifereji. Unaagiza bia, unaletewa glasi ya robo lita, na juu yake povu la vidole viwili. Kisha mhudumu anachukua kibao chake chembamba, analikata povu kwa juu kama mama anayesawazisha kibaba cha unga, anakuambia ndivyo bia inavyopaswa kuwa. Mimi nalipia povu? Nilipoomba ajaze, aliniangalia kama niliyemtukana marehemu bibi yake.

Mama Wawili: Fundi, povu ni kifuniko cha bia, huizuia isipoteze gesi na ladha upesi, na hilo hata watoto wa huku wanalifahamu. Malalamiko ya kweli kuhusu baa hizi ni vyoo. Nyumba ni nyembamba, ngazi zake zimesimama kama ngazi ya mchuma karafuu, na choo wamekiweka chini kabisa ambako unateremka kinyumenyume ukishikilia kamba. Mimi nina magoti mabovu. Nilipofika chini nilikuwa nimeshasahau nilichokifuata.

Mkikuyu wa Groningen: Mimi nao wamenikosea kwenye malipo. Nimekunywa, nimekula, nimetoa noti safi, naambiwa hapa ni kadi pekee, wao wanaita kupini. Wiki iliyofuata nikaenda baa nyingine na kadi yangu, nikaambiwa hapa ni noti pekee. Nairobi hata muuza mahindi ya kuchoma anapokea pesa kwa simu, nao wenye nyumba zilizojengwa kabla ya babu wa babu yangu kuzaliwa hawajaamua wanataka nini.

Mleta uzi: Nawaomba turudi kwenye mada. Alivaa kofia ya mjomba. Aliivaa juu ya skafu.

Msema Kweli wa Arnhem: Tumesikia, mkuu. Kofia imevaliwa. Je, ilimtosha?

Mzee wa Leiden: Vijana, acheni dhihaka, jambo hili linaumiza. Nimekaa nchi hii tangu nilipokuja kufundisha Kiswahili, na ninachokijua ni kwamba baa ya kahawia ni sebule ya mtaa. Zipo ambazo ukutani mpaka leo pana kisanduku cha chuma chenye matundu yenye namba, ambamo wateja walikuwa wakitumbukiza akiba yao ya kila wiki, sawa na kibubu cha pamoja. Watu walioaminiana na fedha zao namna hiyo hawawezi kuvumilia mzee achekwe mbele yao, ndiyo maana yule mzee aliinuka. Mwambie mjomba wako kwamba mle ndani waliobaki walikuwa upande wake. Kisha siku nyingine mpeleke Café Chris, ambayo inajihesabia umri tangu mwaka 1624, akaone mbao.

Fundi Baiskeli: Mzee wa Leiden, kwa heshima zote, Café Papeneiland iliyoko kwenye kona ya Prinsengracht na Brouwersgracht ndiyo ya kumpeleka. Ni ya mwaka 1642, ina vigae vya Delft ukutani, na pai yake ya tufaha ilimvutia hata Bill Clinton.

Mkikuyu wa Groningen: 1624 inatangulia 1642, Fundi. Povu limekuingia machoni.

Fundi Baiskeli: Sikusema ndiyo ya kale zaidi, nimesema ndiyo ya kumpeleka. Seremala akichoka kutazama mbao atakula pai.

Binti wa Zaandam: Na Café Hoppe pale Spui, ya mwaka 1670, mbona hamwitaji? Wateja wake husimama nje barabarani na glasi zao hata siku za baridi.

Mleta uzi: Tumefika Den Haag. Mjomba ameniomba nimwonyeshe hiyo video, nami nimemwonyesha, kwa kuwa sikuweza kumnyima. Ameitazama mara mbili bila kusema neno. Mara ya pili alinisimamisha mwanzoni kabisa, kabla ya kofia kuanguka, akaniambia niikuze picha, kwa maana nyuma ya kichwa cha yule bwana panaonekana pembe ya shubaka ambayo hakuwahi kuiona vizuri akiwa kule. Anasema haina msumari hata mmoja.

Mzee wa Leiden: Huyo ndiye fundi.

Mama Wawili: Ninafurahi kusikia hivyo. Sasa, kwa kuwa mnazijua baa zote hizo na miaka yake, nisaidieni mimi: ni ipi kati yake ambayo choo kipo usawa wa mlango, bila ngazi? Mama yangu anafika Jumamosi na magoti yake ni mabaya kuliko yangu.

Mkikuyu wa Groningen: Na ipi inayopokea noti?