Naomba ushauri: mvinyo gani unaendana na chakula cha Kithai chenye pilipili?

BintiNgamiani

Habari zenu wakuu. Mwezi ujao mimi na mume wangu tunatimiza miaka kumi ya ndoa, na tumeamua kwenda Las Vegas kula Lotus of Siam. Kwa asiyeufahamu, ni mgahawa wa Kithai wa familia ya Chutima. Mama mpishi, Saipin Chutima, alipata tuzo ya James Beard mwaka 2011, na sifa yake kubwa ni vyakula vya kaskazini mwa Thailand. Ila wapenzi wa mvinyo wanaufuata kwa jambo jingine: orodha yake ya mvinyo ni ndefu kweli, hasa Riesling za Ujerumani, aina ya mvinyo mweupe.

Sasa mume wangu ni mtu wa mvinyo mwekundu mzito, Cabernet na jamaa zake. Mimi chakula bila pilipili naona sijala. Mvinyo niliouzoea ni ule wa nyumbani Dodoma, kwa hiyo majina ya Kijerumani yananitoa jasho. Bajeti ya mvinyo ni dola 80, nisingependa kupita hapo. Halafu binamu wa mume wangu kutoka Unguja atakuwa kwetu wiki hiyo. Yeye hanywi pombe wala hali nguruwe, na sitaki akae mezani anatuangalia tu.

Wajuvi naombeni mwongozo, tuagize nini?

Mzabibu wa Hombolo

Hongereni kwa miaka kumi, dada. Jambo la kwanza la kuangalia ni kiwango cha pombe. Pombe yenyewe inawasha, na ikikutana na pilipili mdomoni mwasho unapanda. Cabernet ya California ina asilimia 14 au zaidi, na juu yake ina ule ukakasi unaokausha ulimi. Ukila nayo kitu chenye pilipili na sosi ya samaki, mvinyo unageuka mchungu na chakula kinawaka moto. Hela imepotea pande zote mbili.

Ndiyo maana mgahawa kama huo umejaza Riesling. Bonde la Mosel huko Ujerumani, zinakotoka nyingi, lina baridi, zabibu zinaiva polepole na uchachu wake haupotei, tofauti na kwetu Dodoma kwenye joto ambako tunavuna mara mbili kwa mwaka. Wakisimamisha uchachushaji mapema, sukari ya zabibu inabaki na pombe inakuwa ndogo. Sukari inatuliza pilipili, uchachu unakata mafuta na tui la nazi.

Majina yasikutishe. Geuza chupa usome asilimia ya pombe. Riesling ya Ujerumani ikiwa na 8 au 9, ujue kuna utamu ndani. Ikifika 12 na kuendelea, kwa kawaida ni kavu, yaani haina utamu, na mara nyingi utaona neno Trocken. Wewe ulizia Kabinett, daraja jepesi lenye utamu kidogo, au Spätlese ukitaka utamu uliokolea zaidi. Feinherb iko katikati ya kavu na tamu.

Na wakikuletea ya miaka mingi, usishtuke ukinusa harufu ya mafuta ya taa. Riesling ikizeeka inakuwa na harufu hiyo, haijaharibika. Onja kwanza kabla ya kuirudisha.

Msukuma Ughaibuni

Mimi ningesema Gewürztraminer, mvinyo mweupe wa Alsace, Ufaransa. Inanukia maua na tangawizi, vitabu vingi vinaitaja kwa chakula cha Asia.

Mzabibu wa Hombolo

Mkuu, vitabu vinaitaja kweli, na kwa bata au chakula chenye viungo bila pilipili kali ni nzuri sana. Lakini mara nyingi pombe yake ni 13 hadi 14 na uchachu ni mdogo. Dada amesema bila pilipili hajala. Kwenye glasi ya pili atakuwa anatafuta maji.

Mhudumu wa Toronto

Nafanya kazi ya kuhudumu kwenye migahawa huku Canada, naongezea upande wa hela. Dola 80 kwenye orodha siyo dola 80 mfukoni. Kodi ya Las Vegas ni asilimia 8.375, na bakshishi wengi wanatoa kati ya 18 na 20. Chupa ya 80 inakutoka kama dola 103. Kama 80 ndiyo mwisho wako kwa chupa, kodi na bakshishi, tafuta chupa ya 60 hivi.

Chupa ya mililita 750 inatoa glasi tano. Kwa watu wawili wenye ladha tofauti, nunueni chupa moja ya Riesling, halafu mume aagize glasi moja tu ya mvinyo mwekundu. Glasi moja moja usiku kucha ni ghali kuliko chupa, maana bei ya glasi ndiyo yenye faida kubwa kwa mgahawa.

Kuhusu mhudumu wa mvinyo, yule anayewasaidia wateja kuchagua chupa, usimwogope. Usimwambie bei kwa sauti kama hupendi mumeo asikie. Fungua orodha, weka kidole kwenye bei unayoimudu na mwambie, "Natafuta kitu cha namna hii, chenye utamu kidogo, pilipili tutaagiza kali." Anayejua kazi yake anaelewa palepale na hatakupandisha juu. Mwambieni na chakula mtakachokula kabla hajapendekeza. Kisha ombeni chupa ikae kwenye barafu mezani, Riesling tamu ikipata joto inachosha.

BintiNgamiani

Asanteni sana, nimeanza kuona mwanga. Mhudumu, hiyo glasi moja ya mume iwe ya nini? Nikimwambia aache mwekundu kabisa sherehe itaharibika.

Mhudumu wa Toronto

Pinot Noir au Beaujolais, iliyopoa kidogo. Hazina ukakasi mwingi. Aile na bata wa kukaanga, pale wana bata mzuri, na mwombe bata huyo apikwe na pilipili kidogo tu. Kali weka kwenye sahani zako. Watakuuliza kiwango cha ukali kwa namba, kwa hiyo kila sahani inaweza kuwa na namba yake.

Shangazi Mkunazini

Mwanangu BintiNgamiani, hongera na Mungu awazidishie. Naona wote wamezungumza mvinyo, mgeni wako wamemsahau.

Umeuliza ale na anywe nini. Mimi nauliza, umemuuliza kama yuko radhi kukaa kwenye meza yenye pombe? Kuna hadithi ya Mtume inayomkataza Muislamu kukaa kwenye meza inayozungushwa pombe. Wako wanaolishika hilo sana na wako wanaolegeza, na kijana wa watu akiwa mgeni nyumbani kwenu hatasema hapana, atakaa anaumia. Muulize mapema, faragha, na umpe nafasi ya kukataa bila aibu.

Akikubali, chakula si shida kubwa. Asiguse ule wali wa kukaanga unaochanganywa na soseji chachu, nam kao tod, ni nguruwe. Khao soi itamfaa, ni mchuzi wa viungo na tui la nazi juu ya tambi za mayai, mpwani yeyote ataukubali. Wengi wanasema uliletwa Thailand na wafanyabiashara Waislamu wa Yunnan. Ila nyama ya pale usidhani ni ya kuchinjwa kihalali, kwa hiyo kama anajali hilo, ale kamba na samaki. Kinywaji mwagizie chai ya asmini ya moto kwenye birika lake. Usimpe juisi kwenye glasi ya mvinyo ili "afanane", si jambo la heshima kwake.

BintiNgamiani

Shangazi, shikamoo, na ahsante sana. Nimempigia leo. Kwa upole wake akasema angependa siku yetu tuwe wawili, na sisi tumualike chakula siku nyingine. Nimefurahi nimeuliza. Jumapili tutakula naye nyumbani, nitampikia samaki wa kupaka.

Kwa hiyo Jumamosi ni sisi wawili: Kabinett ya Mosel isiyozidi dola 60, glasi ya Pinot Noir kwa mume na bata wake, khao soi na kamba wa vitunguu saumu kwangu. Mzabibu, kamba hao nikiomba pilipili ya juu kabisa, Kabinett itahimili au niende Spätlese?

Mzabibu wa Hombolo

Ya juu kabisa, nenda Spätlese.