Je, tamthilia za kale bado zinawagusa wanafunzi wa leo?

Wachangiaji wenzangu, hoja iliyo mbele yetu ni kwamba tamthilia za kale, kuanzia zile za Wagiriki hadi za Shakespeare na Ibsen, ziondolewe katika orodha ya vitabu vya shule kwa kuwa hazimwingii tena mwanafunzi wa leo akilini wala moyoni. Nikiwa mwalimu wa fasihi naipinga hoja hiyo, ingawa nakiri kwamba sisi watetezi wa tamthilia hizi mara nyingi tumezitetea vibaya. Kumwambia kijana wa miaka 15 kwamba kazi fulani imesifiwa na vizazi vingi hakumpi sababu yoyote ya kufungua ukurasa wa pili.

Kinachowachosha wengi ni namna tunavyozisomesha. Katika enzi ya Shakespeare, mwigizaji alikabidhiwa maneno yake mwenyewe tu, pamoja na maneno machache ya mwenzake yaliyomwashiria kwamba zamu yake imefika. Hivyo alilazimika kusikiliza kwa makini ili asipitwe. Tamthilia zake 36 zilikusanywa katika kitabu kimoja mwaka 1623, miaka saba baada ya kifo chake, na takribani nusu yake hazikuwa zimewahi kuchapishwa. Hadhira yake ya kwanza, basi, ilizipokea kwa masikio na macho. Sisi tunamketisha mwanafunzi, tunampa mwongozo wenye muhtasari, kisha tunamtaka akariri dhamira na sifa za wahusika kwa ajili ya mtihani. Kwa utaratibu huo hata tamthilia iliyoandikwa mwaka jana itamchosha.

Nimewahi kufundisha hotuba ya Antony mbele ya maiti ya Kaisari, katika Julius Caesar, kwa kumsimamisha mwanafunzi mmoja awe Antony na darasa zima liwe umati wa Roma. Niliwapa kazi moja tu: kila Antony anaporudia kwamba Brutus, mmoja wa waliomuua Kaisari, ni mtu wa heshima, umati uamue kama bado unamwamini. Walibishana vikali kuhusu ni marudio ya ngapi ambapo sifa iligeuka kuwa shtaka. Hapakuwa na haja ya kuwaeleza kejeli ni nini, kwa sababu walikuwa wameisikia ikifanya kazi, na baadhi yao wakaanza wenyewe kuitafuta katika hotuba za wanasiasa wanaowasikia kila siku.

Antigone ya Sophocles, iliyoigizwa Athens takribani mwaka 441 KK, inathibitisha jambo hilohilo kwa njia nyingine. Msichana anamzika kaka yake ilhali mtawala amepiga marufuku maziko hayo, naye yuko tayari kufa kwa ajili ya tendo lake. Mwaka 1944, Paris ikiwa chini ya utawala wa Wajerumani, mwandishi Mfaransa Jean Anouilh aliipeleka jukwaani kwa sura mpya; na wafungwa wa kisiasa wa Robben Island waliiigiza gerezani, Nelson Mandela akicheza nafasi ya Creon, yaani mtawala yule mkaidi mwenyewe. Sijapata kumwona mwanafunzi asiyekuwa na la kusema anapoulizwa kama Antigone alikosea, maana kila kijana ameshawahi kupewa amri ambayo dhamiri yake iliikataa.

Pingamizi zito kuliko yote ni la lugha, nami silipuuzi. Kiingereza cha Shakespeare kinawatatiza hata wale waliozaliwa nacho, na mwanafunzi anayehangaika na kila mstari hana nafasi ya kuguswa na chochote. Jibu langu ni tafsiri, bila aibu. Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi, yaani The Merchant of Venice, mwaka 1969, na anayeisoma tamthilia kwa Kiswahili fasaha haisomi kwa nusu. Hiyo ya pili, bila shaka, inahitaji mwalimu atakayezungumza waziwazi kuhusu namna Shylock, mkopeshaji fedha, anavyodharauliwa kwa kuwa Myahudi.

Wanaosema kwamba za kale zinazibania nafasi tamthilia mpya wana haki kwa kiasi. Orodha yenye za kale tupu ningeikataa mimi pia. Ningependa mbili zisomwe pamoja, moja ya kale na moja ya leo, wanafunzi wakiachwa wazigombanishe. Juliet wa Shakespeare, anayependana na Romeo, hajatimiza hata miaka 14, na Nora wa Ibsen, katika tamthilia ya A Doll's House ya mwaka 1879, anaondoka nyumbani na kumwacha mumewe na watoto wake. Vijana wana mengi ya kuwaambia wote wawili.

Palipobaki ugumu ni kwenye mtihani. Napendekeza sehemu ya alama itokane na onyesho fupi litakalotathminiwa na mwalimu darasani. Wanaopinga kwa kuhofia upendeleo, naomba waeleze ni kwa nini hofu hiyo iwe kubwa kuliko hasara ya kumpima mwanafunzi kwa majibu aliyoyanakili kutoka kwenye mwongozo.