Dean Winchester kufia kwenye nondo: mnakiitaje kifo cha kizembe?

FundiNondo_Buswelu:
Habari za jioni wakuu. Kama hujamaliza msimu wa 15 wa Supernatural, ile tamthilia ya Marekani ya ndugu wawili wawinda mapepo, Dean na mdogo wake Sam, ishia hapa hapa, maana naanika kila kitu.

Mimi kazi yangu ni nondo. Nakata, nakunja, nafunga. Vijana ninaofanya nao kazi karibu wote wameiangalia hii tamthilia, wamewekewa kwenye flashi mjini, na tangu Jumatatu wananiambia Dean kafa kizembe. Eti mtu kapambana na Lucifer, kaenda kuzimu na kurudi, halafu anakuja kufia kwenye ghala bovu, kasukumwa na mnyonya damu wa kawaida tu mwenye kinyago, mgongo ukaingia nondo iliyochomoza kwenye nguzo.

Mimi nasema kati ya vifo vyake vyote, hicho ndicho kifo. Vingine vyote kulikuwa na mtu wa kuvilipia. Baba yao John alimpa pepo Azazel roho yake ili Dean apone. Sam alipochomwa kisu akafa mwishoni mwa msimu wa 2, Dean akaenda kwa pepo wa njia panda, akapewa mwaka mmoja, mwaka ukaisha mbwa wa kuzimu wakaja kuchukua chao. Ile Jumanne inayojirudia ya msimu wa 3 ndiyo usiseme, Sam kaona kaka yake anakufa zaidi ya mara 100 na kila asubuhi yuko mzima. Ghalani Dean anamkataza mdogo wake mapema: safari hii usinirudishe. Hakuna mkataba, hakuna njia panda.

Halafu kuna wanaosema Sam angemchomoa tu pale. Jamani. Mwaka juzi saidia fundi wetu aliteleza kwenye jukwaa akaangukia nondo ya milimita 12, ikaingia nyuma chini ya bega ikatokeza mbele. Watu wote tukakimbilia kumnyanyua. Mzee mmoja wa zege akapiga kelele, "Msimchomoe! Msimchomoe!" Wawili wakambeba kwa chini ili uzito usimshukie, mmoja akaikamata nondo kwa mikono miwili isitikisike, mimi nikapiga magoti na msumeno wa chuma. Kila nikivuta msumeno nausikia mwili wake unatetemeka ndani ya kile chuma. Tukamfikisha hospitali na kipande kikiwa ndani, wakamtolea huko. Yupo, mzima.

Kwa hiyo Dean aliposema anahisi kile chuma ndicho kinachomshikilia, nilisimama kabisa mbele ya kompyuta. Aliyeandika pale anajua anachokisema.

Swali langu kwenu: katika misimu yote 15, kifo cha nani mlikiamini?

MamaDagaa_Mwaloni:
Kaka fundi, pole sana, na huyo kijana Mungu aendelee kumlinda.

Mimi nilikiamini kifo cha Bobby, yule mwindaji mzee aliyekuwa kama baba kwao. Yule mzee kapigwa risasi ya kichwa na Dick Roman, bosi wa mazimwi, msimu wa 7, yuko kitandani hospitali, anaamka dakika moja tu, anaomba kalamu, anamwandikia Sam namba kwenye kiganja. Kiganjani, kaka! Halafu anawaita wajinga wake kama alivyozoea kuwaita, basi. Nililia, wanangu wakaja kuniangalia.

Lakini kilichoniumiza zaidi ni baadaye. Alikataa kwenda, akabaki mzimu kwenye ile chupa yake ya pombe, na hasira zikaanza kumbadilisha hadi akakaribia kuua mtu asiye na kosa. Mwishowe akawaomba wenyewe wailaze motoni. Mtu aliyekulea anakuomba umchome ili asiharibike zaidi. Mimi kifo hicho nimekiamini mara mbili.

Mwana_wa_Nyegezi:
Fundi heshima yako, ila mfano wako unakupinga. Kijana wenu alipona kwa sababu MLIKATA nondo. Sam hakukata, hakuita mtu, alisimama akilia. Na Jack, yule mtoto wa Lucifer waliyemlea, alishakuwa Mungu mpya sehemu moja tu nyuma. Anashindwa nini?

Tena tusisahau korona ilisimamisha kazi Machi 2020 zikiwa zimebaki sehemu mbili. Walirudi Agosti. Wengi tuliotaka kuwaona mwisho hawakuonekana, hata Castiel, malaika rafiki yao, tunamsikia tu kwa mdomo wa Bobby huko mbinguni. Mimi nilichoamini ni Castiel kuchukuliwa na ule Utupu, wanakokwenda malaika wakifa. Alimwambia Dean anampenda, akaondoka.

Saruji42:
Fundi mzima unawasahau Jo na mama yake Ellen, wale wawindaji? Msimu wa 5, wamejifungia ndani ya DUKA LA VIFAA VYA UJENZI! Misumari ya chuma, chumvi, mitungi ya gesi, nyaya, wakatengeneza bomu. Jo tumbo limeraruliwa na mbwa wa kuzimu, mama yake akakataa kutoka, akakaa naye sakafuni mpaka mwisho.

FundiNondo_Buswelu:
Saruji, umenipiga pabaya. Ellen kukaa pale chini na mwanawe, sina la kuongeza.

Mwana wa Nyegezi, jana usiku niliirudia ile sehemu kwa ajili yako. Sam alitaka kuita msaada. Dean ndiye aliyemwomba asiondoke. Yetu ilipita begani, yake imeingia katikati ya mgongo. Sam alipopeleka mkono nyuma ulirudi umelowa damu, na uso wake pale unaonyesha ameshajua. Jack naye alishasema hataingilia mambo ya watu. Lakini la kukata nondo umenishika, sikuwa nimeliwaza. Mimi nilikuwa na watu wanne na msumeno. Yeye alikuwa peke yake.

Niseme na hili. Mara ya kwanza niliiangalia na mdogo wangu, chumba cha kupanga Mabatini, usiku, yeye asubuhi anaondoka kwenda kazini Geita. Dean kasukumwa, Sam anamwambia twende, yeye anajaribu kusogea hawezi, umeme ukakatika. Kompyuta betri ilishakufa siku nyingi. Tukakaa gizani tunabishana anapona au haponi, mdogo wangu akisema lazima apone, kaka hafi. Umeme ulirudi saa kumi na mbili, ameshapanda basi. Nikamaliza peke yangu.

Mpaka leo hajaiona. Kila akipiga simu ananiambia nisimwambie, atakuja tuimalize wote. Flashi nimeifunga kwenye leso, iko kabatini.

Kwa hiyo wakuu, mkikutana naye humu, naomba msimjibu.